Ahadi ya Mtu na Dhamana ya Jina: Malazi ya Msafiri katika Fikihi na Falsafa

Msafiri anayekwenda nchi ya ugenini hulazimika kuamua, pengine hata kabla ya kufunga mizigo, atalala wapi, na uamuzi huo siku hizi humweka mbele ya aina mbili za nyumba. Ya kwanza ni hoteli ya mtandao, yaani ile iliyo moja tu kati ya nyingi zilizotapakaa katika nchi mbalimbali, zote zikibeba jina moja na kufuata mwongozo mmoja kuhusu vitanda, taulo, kifungua kinywa na namna ya kumpokea mgeni. Ya pili ni hoteli inayojitegemea, ambayo jina lake halipatikani mahali pengine popote, na ambayo mara nyingi mwenye mali mwenyewe, au mwanawe, au shemeji yake, ndiye anayekaa mapokezi. Watu hulizungumza suala hili kwa lugha ya bei na starehe, na kwa safari nyingi lugha hiyo inatosha. Lakini ndani yake limo swali la kale zaidi, ambalo mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, na wanafalsafa wamelishughulikia kila mmoja kwa njia yake: mtu aliye ugenini, asiyejua wala kujulikana, amwamini nani, na huyo aliyeaminiwa anawajibika kwake kwa namna gani?

Yafaa kwanza kuondoa hoja moja inayopendwa kupita kiasi. Husemwa kwamba hoteli inayojitegemea imehifadhi ukarimu wa kale na kwamba ile ya mtandao imeuua, kana kwamba mwenye nyumba anayepokea fedha kwa tabasamu hafanyi biashara. Ukarimu kwa mgeni, unaoitwa dhiyafa katika fikihi, una hukumu zake, na hukumu hizo hazihusu nyumba ya kulipia. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaufunga ukarimu huo na imani kwa Mungu na Siku ya Mwisho, inaweka siku tatu kuwa mpaka wake, inahesabu kinachozidi hapo kuwa sadaka, na inamkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake dhiki. (Methali ya Waswahili inayomkabidhi mgeni jembe siku ya tatu ina hesabu kali kidogo kuliko hiyo.) Mafakihi walipouliza mzigo huu unamwangukia nani, Imam Malik, na baada yake Sahnun wa Kairouan, waliona kwamba uko juu ya watu wa vijijini na jangwani, na si juu ya watu wa mijini, kwa kuwa mjini msafiri hupata nyumba za kupanga na chakula sokoni, ilhali Imam Shafi aliona kwamba watu wa mjini na wa jangwani wote wanahusika.

Rai ya Malik inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa kwa kawaida, maana inaipa nyumba ya wageni cheo cha kisheria: pale ilipo, wajibu wa mwenyeji hulegea. Nyumba hiyo ipo kwa sababu jamii imekubali kwamba katika mji mkubwa haiwezekani kila mgeni awe na mwenyeji, na kwamba ni afadhali alipe na alale kuliko abishe hodi na akataliwe, kama walivyokataliwa Musa na mwenzake na watu wa mji ule unaotajwa katika Sura ya Pango. Qurani yenyewe, katika Sura ya Nuru, baada ya kukataza kuingia nyumba za watu bila idhini, inaondoa lawama kwa anayeingia nyumba zisizokaliwa ambamo ana manufaa yake, na baadhi ya wafasiri wamesema kuwa hizo ni nyumba za wasafiri zilizojengwa njiani. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alifika jirani na hapo kwa njia nyingine kabisa: mgeni ana haki ya kuzuru, yaani ya kutotendewa kama adui anapofika katika nchi ya wengine, kwa sababu uso wa dunia ni wa wote; lakini haki ya kukaribishwa nyumbani hana, isipokuwa kwa mapatano maalumu ya hisani. Kwa hiyo anayelala hotelini, iwe ya mtandao au ya mwenyewe, amekwisha kutoka katika uwanja wa dhiyafa na kuingia katika uwanja wa mkataba, na tofauti ya hoteli hizi mbili lazima itafutwe humo humo.

Mkataba wenyewe huitwa ijara, maana yake ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu huku kitu chenyewe kikibaki kwa mwenyewe. Sharti lake kubwa ni kwamba manufaa yajulikane, kwa kuwa Mtume alikataza biashara ya gharari, yaani ile ambayo ndani yake mna kutojua kunakoweza kumdhuru mmoja wa wafungamani. Hapa msafiri wa mbali ana tatizo zito. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nyumba hukodishwa ikiwa imeonwa. Kuielezea kwa maneno tu hakutoshi, kwa kuwa kila nyumba ina hali yake. Wahanafi ni wepesi zaidi, kwa sababu wanaruhusu kukodi nyumba isiyoonwa na kisha wanampa mkodishwaji hiari ya kuvunja mkataba atakapoiona. Hiari hiyo ni nzuri vitabuni, lakini mtu aliyefika saa nane ya usiku katika mji asioujua, akiwa na watoto na mizigo, ataitumiaje?

Hata hivyo, mafakihi wa Shafi walikubali kwamba kuna vitu ambavyo kuona sehemu yake ni sawa na kuona vyote: anayenunua rundo la ngano hahitaji kuikagua kila punje, kwa kuwa konzi moja ya juu inatosha kuhukumu zilizobaki. Kazi kubwa iliyofanywa na hoteli za mtandao katika karne ya 20 inaelezeka vizuri kwa kanuni hii, maana zimejitahidi kukifanya chumba, ambacho kwa asili kila kimoja kina dirisha lake, harufu yake na kelele zake, kiwe kama nafaka. Kemmons Wilson, aliyefungua Holiday Inn ya kwanza huko Memphis mwaka 1952, aliudhiwa na malazi ya njiani aliyoyakuta katika safari na familia yake, ambayo yalidai nyongeza kwa ajili ya kila mtoto, akaazimia kujenga nyumba ambazo msafiri angejua mapema atapata nini na kwa bei gani. Miongo miwili baadaye matangazo ya kampuni hiyo yaliwaambia wasafiri kwamba jambo bora la kushangaza ni kutokutana na la kushangaza. Aliyelala katika nyumba moja yenye jina hilo amelala, kwa kiasi fulani, katika zote.

Mwanauchumi George Akerlof, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambamo muuzaji anajua ubovu wa gari na mnunuzi haujui. Alionesha kwamba kutojua kwa upande mmoja kunaweza kuliua soko lote, na kati ya taasisi zinazozuka ili kukabiliana na hali hiyo alitaja majina ya biashara na mitandao ya hoteli na migahawa. Aliongeza jambo linalogusa moja kwa moja suala hili: migahawa ya mitandao, angalau huko Marekani, husimama zaidi kando ya barabara kuu za kati ya miji, ambako wateja si wenyeji, kwa sababu mwenyeji anapajua mahali pazuri zaidi na hana haja ya jina. Jina, basi, ni fidia ya kutojua. Hakuna aibu katika kuihitaji fidia hiyo, na anayemdharau msafiri kwa sababu alichagua jina analolijua katika mji ambao hajui hata lugha yake, anamdharau kwa kosa la kuwa mgeni.

Tena siku hizi mtu hukimbilia maoni ya wateja kwenye intaneti, na hapo wanazuoni wa hadithi wangetikisa kichwa. Wao walikuwa na daraja maalumu la mpokezi asiyejulikana hali yake, na habari yake hawakuitegemea mpaka wathibitishe uadilifu na kumbukumbu yake. Mamia ya wapokezi wa namna hiyo hawageuki kuwa waadilifu kwa wingi wao, ingawa ni lazima kukiri kwamba wanapokubaliana juu ya kunguni wana uzito wao.

Lakini jina hilo ni la nani? Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kuliko msafiri anavyodhani, kwa sababu katika hoteli nyingi za mtandao kampuni yenye jina haimiliki kuta. Hilton ya Istanbul, iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo Conrad Hilton aliihesabu miongoni mwa nyumba zake zinazowaonesha watu wa ng’ambo kipande kidogo cha Marekani, ilijengwa kwa fedha za mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa Uturuki. Kampuni ilikuja kuiendesha. Mtindo huo ndio ulioenea: mwenye mali ni mmoja, mwendeshaji ni mwingine, na pengine jina limeazimwa kwa ada kutoka kwa wa tatu. Kinyume chake pia hutokea, kwa majina mengi kumfunika mmoja. Katika majengo ya Abraj Al Bait huko Makka, mbele ya Msikiti Mtakatifu, hujaji anaweza kufikiri kwamba anachagua kati ya Fairmont, Raffles na Swissôtel, ilhali majina yote matatu ni ya kampuni moja ya Kifaransa, Accor, iliyoyanunua pamoja mwaka 2016, na ardhi na majengo ni wakfu wa Mfalme Abdulaziz kwa ajili ya misikiti miwili mitakatifu.

Matokeo yake kimaadili ni kwamba anayeamini jina anaamini mwongozo, si mtu. Mwongozo una nguvu ambayo mtu hana, kwa kuwa hauchoki, haubagui kwa rangi au lugha pale unapofuatwa, na unasema mapema fidia ni nini maji ya moto yakikosekana. Una pia upungufu ambao mtu hana, nao ni kwamba hauwezi kuomba msamaha. Mwenye hoteli yake aliyemwahidi mgeni chumba kisha akakigawa kwa mwingine ameivunja ahadi. Anaweza kuona haya, akampeleka mgeni kwa jirani, akampa chai, akamtaka radhi, na mgeni naye anaweza kumsamehe au kukataa. Kampuni katika hali hiyo haijavunja ahadi kwa maana hii. Imeshindwa kutimiza dhamana, na dhamana huzaa fidia, nayo fidia ikilipwa jambo limekwisha pasipo yeyote kusamehewa. Tofauti ya ahadi na dhamana ndiyo tofauti halisi ya hoteli hizi mbili. Isidhaniwe kwamba ahadi ni bora daima, kwani mwenye hoteli asiye na haya ni hatari kuliko kampuni yoyote, na mgeni aliyedhulumiwa naye hana ofisi ya juu ya kupelekea malalamiko.

Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuwa na utaratibu ulioviunganisha viwili hivi. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anaeleza kwamba jahazi lilipofika Mogadishu vijana wa mji walilifuata kwa mashua, kila mmoja akiwa amechukua chakula ndani ya chombo kilichofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia nyumbani kwa kijana huyo, isipokuwa kama alikwisha kuuzoea mji, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kitu kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa fakihi, alipelekwa kwa kadhi na sultani, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli na nyama na achari za ndimu na tangawizi kwa siku tatu, na siku ya nne akaletewa mavazi. Mwenyeji wa Mogadishu hakuwa mkarimu tu, maana faida ya udalali ilikuwa yake, wala hakuwa mfanyabiashara tu, maana mji ulimfanya adhamini ujinga wa mgeni wake sokoni. Ahadi yake ilikuwa ya mtu, na nyuma yake ilisimama dhamana ya mji mzima. Ni vigumu kuona hoteli ya leo, ya aina yoyote, inayotoa hayo yote mawili, na wale wanaotenganisha kabisa ukarimu na fedha, wakidhani kwamba kimoja kikiingia kingine hutoka, hawajauelewa mji ule.

Makka yenyewe ndiyo mahali ambapo suala hili lilifikishwa mbali zaidi, kwa sababu pale liliulizwa swali ambalo kwingine halikuulizwa: je, ni halali kabisa kumtoza msafiri kwa kumlaza? Aya ya 25 ya Sura ya Hija inaeleza kwamba mkazi wa humo na mgeni atokaye nje wako sawa katika Msikiti Mtakatifu, na wanazuoni wakahitilafiana kama usawa huo unaishia msikitini au unauenea mji. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab aliwakataza watu wa Makka kuweka milango katika nyumba zao ili mahujaji wateremke watakapo. Imam Abu Hanifa alichukia kukodisha nyumba za Makka katika msimu wa Hija. Imam Shafi aliruhusu, na mjadala wake na Ishaq bin Rahawayh juu ya jambo hili umehifadhiwa vitabuni: Shafi alitoa hoja kwamba Qurani inazinasibisha nyumba za Makka na waliofukuzwa humo, kwamba Mtume aliitaja nyumba ya Abu Sufyan kuwa ya Abu Sufyan, na kwamba Umar alinunua nyumba humo ya kufanya gereza, na mtu hanunui kisichomilikiwa.

Rai ya Shafi ndiyo iliyoshinda kwa vitendo. Christiaan Snouck Hurgronje, Mholanzi aliyeishi Makka mwaka 1885, aliuelezea mji ambao watu wake waliishi kwa kupangisha vyumba katika msimu, na ambamo mamutawifu, yaani waongozaji wa mahujaji, waligawana wageni kwa mataifa yao. Mutawifu alikuwa kwa hujaji kile ambacho kijana wa Mogadishu alikuwa kwa mfanyabiashara, mwenyeji na dalali kwa pamoja. Baadaye sura ya mji ilibadilika: Ngome ya Ajyad ya enzi za Waturuki ilibomolewa mwaka 2002, na mahali pake pakasimama mnara wa saa wenye urefu wa mita 601 ambao chini yake zimo hoteli zilizotajwa. Hapo ndipo hoja ya Abu Hanifa, iliyoonekana kushindwa, inaporudi kwa sura nyingine. Kinachouzwa katika minara ile ni ukaribu: chumba kinachoitazama Kaaba kina bei yake, kisichoitazama kina yake, na hujaji wa kipato cha chini hupelekwa Azizia, kilomita kadhaa kutoka msikitini, akisubiri basi. Mtu anaweza kukubali pamoja na Shafi kwamba nyumba inamilikiwa na inakodishwa, na bado akashuku kama umbali kutoka Kaaba ni bidhaa ya kupangiwa madaraja ya nyota.

Kwa hujaji wa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam uchaguzi wa hoteli, kwa kawaida, hauko mkononi mwake. Yeye huchagua kikundi cha Hija, na kiongozi wa kikundi ndiye anayechagua nyumba. Jina la jengo, liwe la mtandao au la mwenyewe, humfikia hujaji kama sehemu ya kifurushi pamoja na viza na tiketi ya ndege. Maana yake ni kwamba ahadi ya mtu, ambayo hoteli kubwa imeiondoa kwenye dawati la mapokezi, imehamia kwa kiongozi wa kikundi. Katika fikihi huyo ni wakili, na mali aliyokabidhiwa ni amana mkononi mwake. Akiahidi jengo lililo karibu na msikiti kisha akawashusha watu Azizia, hujaji anayo haki ya kurudishiwa tofauti ya bei, kwa sababu manufaa aliyoyapata si yale yaliyotajwa.

Haki hiyo ni wachache wanaoidai, na sababu yake ni ya kidini. Qurani inakataza jidali, yaani ubishani na ugomvi, katika Hija, na hujaji aliyeahidiwa kitanda akapata godoro katika chumba cha watu sita huogopa kwamba kulalamika kutamharibia ibada. Aliyelala katika hoteli ya mtandao hana hofu hiyo, kwa kuwa kwake lalamiko ni fomu inayojazwa na kukabidhiwa, haimgusi mtu usoni. Aliyeahidiwa na mtu hulazimika kusema na mtu, pengine sheikh wa mtaa wake, ambaye atakutana naye tena msikitini mwezi ujao. Wapo viongozi wanaoitumia hofu hiyo, wakimkumbusha hujaji subira kila anapouliza habari za jengo. Aya hiyo inahusu siku za Hija na adabu zake. Haimzuii hujaji kutaka, kabla hajalipa, jina la jengo, umbali wake kutoka msikitini na idadi ya watu wa chumba kimoja viandikwe kwenye karatasi anayotia saini, wala haimzuii kuirudia karatasi hiyo pamoja na kiongozi wake akisharejea nyumbani.